Baba wa Kipaka: Paka na Mbwa katika Historia Yetu

 

Jioni mkeka ukishatandikwa, mbaazi na mahamri zikishawekwa, kuna mgeni mmoja ambaye huja bila kualikwa. Hajui kufunga wala daku, lakini saa ya futari aijua barabara. Atakaa kando, mkia umemzunguka miguu, akukodolee macho mpaka umtupie kichwa cha samaki. Huyo ni paka. Mbwa naye yuko mbali, kule jaani, na yeye hapati kichwa cha samaki. Hupata jiwe. Na mara nyingi anayemrushia jiwe hilo ni mtoto atokaye madrasa, juzuu yake ipo kwapani.

Leo nataka tuzungumze juu ya hawa wawili kwa njia ya historia. Nimesikia mara nyingi kijana akionekana amempakata paka, au akisema mbwa wa shambani kwao ni rafiki yake, huambiwa ati hayo ni mambo ya wazungu. Mimi siyakubali maneno hayo, na nitakueleza kwa nini. Tuanze na mtu ambaye jina lake walisikia kila Ijumaa mimbarini.

Abu Hurayra (R.A.) alikuwa mtu wa kabila la Daws, kutoka Yemen. Alifika Madina mwaka wa 7 Hijria, wakati wa vita vya Khaybar. Hakukaa na Mtume (S.A.W.) miaka mingi, lakini hakuna Swahaba aliyepokewa hadithi nyingi kumshinda. Hesabu mashuhuri ni 5,374, pamoja na zile zilizorudiwa kwa njia mbalimbali. Sasa jiulize: mtu mkubwa namna hii, jina lake la kuzaliwa ni nani? Wengi hawajui. Wanazuoni wenyewe wamehitilafiana, ingawa kauli iliyo mashuhuri ni kwamba aliitwa Abdurrahman bin Sakhr. Umma mzima wamjua kwa lakabu tu, na maana ya lakabu hiyo ni baba wa kipaka.

Imamu Tirmidhi amepokea kisa chenyewe. Abu Hurayra aliulizwa kwa nini waitwa hivyo, akasema kwamba alikuwa akichunga mifugo ya watu wa kwao, na alikuwa na kipaka kidogo. Usiku alikiweka juu ya mti, na mchana alikwenda nacho machungani akicheza nacho. Basi watu wakamwita Abu Hurayra.

Nakuomba usilipite neno hilo upesi: akicheza nacho. Hakusema alimfuga ashike panya. Alikuwa kijana peke yake porini na mifugo, hana wa kuzungumza naye kutwa nzima, na kile kipaka kikawa mwenziwe. Usiku alikihofia wanyama wakali, akakipandisha mtini. Na aliposilimu jina hilo halikumwondoka.

Nyumbani kwa Abu Qatada (R.A.) kulitokea jambo jingine. Mke wa mwanawe, Kabsha binti Kaab bin Malik, alimtilia maji ya udhu. Paka akaja, ataka kunywa. Yule mzee hakumfukuza, bali alikiinamisha chombo ili paka anywe vizuri. Kabsha akabaki anatazama. Abu Qatada akamuuliza kama yamshangaza, kisha akamweleza kuwa Mtume (S.A.W.) amesema paka si najisi, ni katika wale wanaotuzungukazunguka majumbani. Imo katika Muwatta ya Imamu Malik, na katika Abu Dawud na Tirmidhi. Mama yetu Aisha (R.A.) naye aliletewa chakula cha harisa akiwa katika swala. Paka akaja akala kidogo. Alipomaliza swala, Bi Aisha alikula pale pale alipokula paka. Mashangazi zetu wengine wangemwaga sufuria nzima!

Hapa pana jambo la kusahihisha. Huenda umesikia kisa cha paka aitwaye Muezza, ya kwamba alilala juu ya mkono wa joho la Mtume (S.A.W.), naye akaukata mkono huo wa nguo asimwamshe. Kisa ni kizuri na watoto wakipenda, lakini hakimo katika vitabu vya hadithi vinavyotegemewa. Kisa kinachofanana nacho hasa kimesimuliwa juu ya Sheikh Ahmad al-Rifai wa Iraq, aliyefariki mwaka wa 578 Hijria (1182), kwamba paka alipoamka na kwenda zake, Sheikh alirudi akaushona ule mkono. Tusimzulie Mtume jambo, hata likiwa tamu. Tulivyo navyo kwa njia sahihi vyatosha.

Haya, tuje kwa mbwa. Najua hapa ndipo penye maneno.

Sisi wa pwani wengi wetu ni Mashafii, na kwa madhehebu yetu mbwa ni najisi. Akikilamba chombo, huoshwa mara saba, moja yake kwa mchanga. Kumfuga bila haja kumekatazwa, na hadithi imesema malipo ya mwenye kufanya hivyo hupungua kila siku. Walioruhusiwa ni mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na wanazuoni wengi wakawakisia juu yao mbwa wa kulinda nyumba. Wenzetu wa madhehebu ya Malik wao wanasema mbwa mzima si najisi, na kuosha chombo ni ibada tu. Hayo yote ni fiqhi, na ukitaka undani wake muulize sheikh wako. Mimi sikuja kubadilisha hukumu ya mtu.

Lakini tazama. Hadithi ya kuosha mara saba imepokewa na Abu Hurayra. Na ile hadithi ya mtu aliyeshikwa na kiu njiani, akashuka kisimani, akanywa, alipotoka akamwona mbwa anahema na kulamba udongo kwa kiu, akarudi chini akajaza maji kiatu chake, akakiuma kwa meno akapanda nacho, akamnywesha, na Allah akamsamehe: hiyo nayo ameipokea nani? Abu Hurayra huyo huyo. Hata ile ya mwanamke mzinifu wa Bani Israil aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa imepokewa naye. Kinywa kimoja kimetufikishia najisi ya mate ya mbwa na pepo ya mwenye kumwonea mbwa huruma. Sisi tumeshika moja, ya pili tumeitupa. Najisi huoshwa kwa maji na mchanga, na hilo halihitaji jiwe wala rungu.

Ni kweli pia kwamba Madina palikuwa na wakati mbwa waliamriwa kuuawa, kisha Mtume (S.A.W.) akakataza, na imepokewa kuwa amewataja mbwa kuwa ni umma katika umma nyingine. Ibn Umar (R.A.) amesimulia, na imo katika Bukhari, kwamba zama za Mtume mbwa walikuwa wakipita ndani ya msikiti, wakija na kwenda, wala watu hawakuwa wakinyunyiza maji. Na katika safari ya kwenda kuifungua Makka, mwaka wa 8 Hijria, mwanahistoria al-Waqidi ameandika kuwa Mtume alimwona mbwa jike njiani na watoto wake wakinyonya, akamweka mtu mmoja asimame karibu naye mpaka jeshi lote lipite, asije akasumbuliwa. Maelfu ya watu wanakwenda kwenye jambo kubwa kuliko yote katika uhai wao, na mtu mmoja amepewa kazi ya kumlinda mbwa mzazi!

Tena wewe kila Ijumaa wasoma Suratul Kahf. Humo mbwa ametajwa mara nne, naye amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini, akiwalinda vijana waliokimbia na dini yao. Vijana, si wazee. Wafasiri wengine hata jina wamempa, Qitmir. Na Suratul Maida imehalalisha windo la mnyama aliyefunzwa. Ndiyo maana Mabedui wa Arabuni walimtunza mbwa wao mwembamba wa kuwindia, saluki, wakamlaza hemani mwao.

Wanazuoni wetu nao hawakunyamaza. Abu Ishaq al-Shirazi, imamu mkubwa wa Kishafii aliyefariki Baghdad mwaka wa 476 Hijria (1083), alikuwa akitembea na wanafunzi wake. Mbwa akatokea, mmoja wao akamkemea ili ampishe Sheikh. Sheikh akamkataza, akamwambia kuwa njia ile ni ya sote, yeye na mbwa. Huyu si mzungu, ni mtu ambaye vitabu vyake vya fiqhi vimesomeshwa katika vyuo vya Kishafii karne baada ya karne. Hapo kabla, Baghdad hiyo hiyo, mwanazuoni Ibn al-Marzuban (alifariki 309 Hijria, yaani 921) aliandika kitabu kizima kuonyesha mbwa walivyo bora kuliko wengi wanaovaa nguo. Alikuwa na hasira na marafiki wa zama zake, hilo liko wazi. Alikusanya visa vya mbwa waliowalinda mabwana zao na wasiowasahau.

Kisa nikipendacho kuliko vyote, hata hivyo, ni cha paka. Cairo palikuwa na bingwa wa nahau aitwaye Ibn Babshadh. Alikuwa na kazi serikalini: barua za dola hazitoki mpaka azipitie asahihishe makosa ya lugha, na kwa hiyo alikuwa akila mshahara mzuri. Siku moja alikuwa juu ya paa la msikiti na wenzake wanakula. Paka akaja, wakamtupia tonge. Akalichukua mdomoni akaenda zake, akarudi. Wakamtupia jingine, akaenda, akarudi. Mara nyingi hivyo, mpaka wakashangaa, kwani paka mmoja hawezi kula chakula chote kile. Wakamfuata. Wakamkuta amepanda ukuta mpaka kwenye nyumba gofu, na humo mna paka mwingine, kipofu, na kile chakula chote anawekewa yeye. Ibn Babshadh akasema, ikiwa Allah amemtiisha paka huyu amhudumie mwenziwe kipofu na hakumnyima riziki, vipi atampoteza mtu kama mimi? Akaacha kazi ya dola, akakaa msikitini kwa Amr bin al-As akishughulika na elimu yake, mpaka alipofariki mwaka wa 469 Hijria (1077). Ibn Khallikan amekiandika kisa hiki katika kamusi yake ya watu mashuhuri. Mimi sikushauri uache kazi, mama atanilaumu. Lakini mwalimu wa Ibn Babshadh siku ile alikuwa paka.

Cairo hiyo hiyo Sultani Baybars, aliyefariki 1277, aliweka wakfu bustani karibu na msikiti wake ili mapato yake yawalishe paka wasio na wenyewe. Mwingereza Edward Lane, aliyekaa Misri na kitabu chake kikatoka 1836, alikuta bustani ile imeuzwa na kuuzwa tena, imeharibika, haiingizi ila kodi ndogo ya piasta 15 kwa mwaka. Wakfu ulikwisha hivyo, kama tunavyojua wakfu nyingine zilivyokwisha. Paka hata hivyo hawakuachwa. Kadhi, kwa kuwa ndiye mwangalizi wa mawakfu, aliendelea kuwalisha, karibu yote kwa gharama yake. Kila alasiri nyama za matumbo zililetwa katika ua mkubwa mbele ya mahakama, na paka wa mtaa wakajaa. Waliochoka na paka wao nyumbani waliwaleta pale pale wakawaachia. Fikiria Kadhi wetu naye angekuwa na kazi hiyo!

Tusijisifu kupita kiasi lakini. Mwaka 1910 wakuu wa jiji la Istanbul, mji ambao mbwa walikaa mitaani karne nyingi wakilishwa na wenyeji, waliwakusanya makumi ya maelfu wakawatupa katika kisiwa kikavu cha Sivriada, wakafa kwa njaa na kiu. Waliotaka mji ufanane na Ulaya ndio waliofanya hivyo. Basi mambo ya wazungu ni yapi, kupenda mbwa au kumwua? Ugomvi huo haujesha: Julai 2024 bunge la Uturuki lilipitisha sheria ya kuwaondoa mbwa mitaani, na watu wengi waliandamana kuipinga. Paka wa mji huo wana bahati zaidi. Gli, paka aliyekulia ndani ya Ayasofya, alipofariki Novemba 2020, habari zake zilitangazwa duniani.

Na kwetu? Nenda Lamu. Pale bandarini mashua za wavuvi zikifika, wenyeji wa kwanza kuwapokea ni mapaka, wembamba, miguu mirefu, masikio yamesimama. Watu husema ati asili yao ni paka wa Mafirauni. Ushahidi wa hilo haupo, ila hata paka wako wa nyumbani asili yake ya mbali ni paka pori wa Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati. Hawa wa Lamu huwa ni wa mtaa mzima. Hana mwenyewe, lakini milango mitatu yamjua. Asubuhi atakula kwa muuza samaki, mchana atalala barazani juu ya miguu ya mzee anayesoma gazeti, na usiku ataingia dirishani kwa ajuza ambaye watoto wake wote wako Mombasa na Jeddah. Ajuza huyo humsemesha kama mtu, humgombeza akichelewa, na sahani yake kaitenga pembeni. Katika mwezi huu wa Ramadhan, kabla hajatia tende yake kinywani, huwa ameshamwekea yeye maji.