Kisanduku Kilichokaa Miguuni pa Mpiga Gitaa: Historia ya Vyombo Vyetu, 2000–2025

Historia ya viongozi na waimbaji mmeisoma katika kurasa zilizotangulia. Mimi, kama mtunza vyombo, nimeombwa niandike juu ya vyombo. Ngoma na kayamba zetu hazina maneno mengi: ngozi ikilegea huanikwa juani, ikipasuka tunawamba nyingine. Nitakaa zaidi juu ya chombo kimoja ambacho wengi wenu hamjawahi kukiona, kwa sababu hukaa sakafuni, miguuni pa mpiga gitaa. Ni kisanduku cha milio. Kilitupamba, kikatuaibisha, na sasa kwa kuwa tunataka kuchanga pesa za kununua kingine, ni vizuri tujue yaliyokipata.

Gitaa kabla ya kisanduku

Kwaya yetu ilianza mwaka 2000 ikiwa na ngoma mbili, kayamba, na gitaa moja la umeme la kuazima. Mwaka huo huo nchi yetu ilimpoteza Fundi Konde, mmoja wa Wakenya wa kwanza kulipiga gitaa la umeme. Gitaa la aina hiyo huhitaji vitu viwili tu, waya na amplifaya. Nyuzi za chuma hutikisika juu ya sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba, umeme kidogo huzaliwa, na amplifaya huukuza. Ndani ya gitaa hamna kumbukumbu inayoweza kufutika. Gitaa la umeme la mwaka 1960 likichomekwa leo kwenye amplifaya mpya, litalia.

Hata pedali za kwanza za kubadilisha mlio zilikuwa hivyo. Kampuni ya Boss ya Japani ilitoa pedali yake ya DS-1 mwaka 1978, na bado inauzwa hadi leo. Ikiharibika, fundi mwenye kifaa cha kulehemu anaweza kuifungua na kubadilisha kilichoungua.

Mambo yalianza kugeuka mwaka 1983, Boss hao hao walipotoa DD-2, pedali ndogo ya mwangwi iliyogeuza sauti kuwa namba, ikazihifadhi kwa muda, kisha ikazirudisha zikiwa sauti tena. Mwaka 1998 kampuni ya Line 6 ya Marekani ikaleta POD, kidude chekundu chenye umbo la haragwe kilichoiga amplifaya nyingi kwa hesabu za kompyuta. Kwa kwaya kama yetu hiyo ilikuwa neema. Hakukuwa tena na haja ya kubeba amplifaya nzito kwenye matatu tukienda mashindano. Gitaa liliingia kwenye kisanduku, kisanduku kikaingia moja kwa moja kwenye mitambo ya kanisa.

Kisanduku chetu

Chetu tulikinunua mwaka 2004, kikiwa kimetumika tayari. Akina mama wa kwaya walipika chapati na chai, zikauzwa baada ya Misa kwa Jumapili kadhaa. Vijana walifua magari. Pesa zilipotimia, mpiga gitaa wetu wa kwanza alikwenda Nairobi na kurudi nacho kimefungwa kwa leso.

Alikaa nacho miezi mingi kabla ya kuridhika. Alitengeneza mlio wa maandamano ya kuingia, wenye mwangwi mpana. Alitengeneza mwingine mkavu, unaorukaruka kama benga, wa wakati wa kutoa sadaka. Wa Komunyo ulikuwa mwororo, na kuna watu hapa parokiani waliokuwa wakisema ukianza tu machozi yanawalengalenga. Ndio mnaousikia kwenye kanda yetu ya kwanza.

Lakini milio hiyo haikuwa ndani ya gitaa, wala vidoleni mwake pekee. Ilikuwa orodha ya namba ndani ya kisanduku, na namba hizo zilishikiliwa na betri ndogo ya duara, ya volti 3, kama zile za saa. Sisi hatukujua kwamba ipo.

Jumamosi Kuu ya mwaka 2013, tukijiandaa kwa mkesha wa Pasaka, alikanyaga pedali na ukatoka mlio asioujua. Akakanyaga tena. Kila mahali palikuwa na milio ya kiwandani. Betri ilikuwa imekwisha, na kazi ya miaka tisa ikaenda nayo. Usiku ule tuliimba kwa ngoma na kayamba tu.

Tulikuwa na nakala, au tulidhani tunayo. Katibu wetu alikuwa amehifadhi mipangilio yote kwenye disketi. Lakini kompyuta ya ofisi ilikuwa imebadilishwa, na mpya haikuwa na tundu la disketi. Sony, waliokuwa watengenezaji wakubwa wa disketi, walikuwa wameacha kuziuza mwaka 2011. Tulipotafuta kompyuta ya zamani, disketi yenyewe haikuonekana. Tuliandikia kampuni iliyotengeneza kisanduku. Ikajibu kwa upole kwamba modeli hiyo haihudumiwi tena.

Kilichotuokoa

Vitu viwili vilituokoa, na vyote viwili ni vya bei ndogo. Cha kwanza ni daftari la shule. Mpiga gitaa wetu alikuwa na desturi ya kuandika namba za baadhi ya milio kwa kalamu, ukurasa mmoja kwa mlio mmoja. Kurasa zilikuwa sita. Fundi alilehemu betri mpya iliyogharimu bei ya soda chache, nasi tukaingiza namba moja moja kutoka daftarini. Mlio wa Komunyo ulikuwamo. Ule wa kutoa sadaka haukuwamo, na mpaka leo hatujaupata. Aliyeutengeneza amejaribu mara nyingi, na yeye mwenyewe anasema sio ule.

Cha pili ni tundu la duara nyuma ya kisanduku, lenye vitobo vitano. Hilo ni tundu la MIDI, lugha ambayo vyombo vya muziki hutumia kusemezana. Mnamo Januari 1983, kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki Marekani, kinanda cha Sequential Circuits kiliunganishwa na kinanda cha Roland, kampuni mbili zilizokuwa zikishindania wateja, na kimoja kikakipiga kingine. Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani, walioongoza kazi hiyo, hawakuifungia lugha hiyo kwenye kampuni zao; kila mtengenezaji aliruhusiwa kuitumia. Mwaka 2013 wote wawili walipewa tuzo ya Grammy ya ufundi kwa ajili yake. Toleo la pili la MIDI lilipopitishwa mwaka 2020, lilipangwa liendelee kuelewana na la kwanza. Ndiyo maana kwa waya mmoja wa kuunganisha MIDI na USB tuliweza kuhifadhi mipangilio ya kisanduku cha zamani kwenye kompyuta ya sasa.

Yaliyowapata wengine

Msidhani ni sisi tu. Vifaa vingi vilivyokuja baadaye hupangwa kupitia programu ya kompyuta, na programu huzeeka haraka kuliko chuma. Mwaka 2019 kampuni ya Apple ilitoa mfumo wa Catalina, na programu zote za zamani za biti 32 zikakataa kufunguka humo, za muziki zikiwemo. Mnamo Oktoba 2025, Microsoft walifunga huduma ya kawaida kwa Windows 10. Kifaa chenyewe kinaweza kuwa kizima kabisa, taa zinawaka, lakini mlango wa kuingilia umefungwa kwa nje.

Kampuni nazo hubadilisha wenyewe. DigiTech, jina linalojulikana na wapiga gitaa wengi kwa pedali yake ya Whammy ya mwaka 1989, ilikuwa chini ya Harman. Samsung waliinunua Harman mwaka 2017, na baada ya muda mfupi kazi ya DigiTech ikasimama. Mwaka 2022 jina hilo lilinunuliwa na Cor-Tek wa Korea Kusini, na pedali zikaanza kutoka tena. Kwa upande mwingine, Kemper wa Ujerumani walitoa kifaa chao cha Profiler mwaka 2011, wakaendelea kukiletea masasisho ya bure kwa zaidi ya miaka 10. Kwa hiyo si lazima kila kifaa cha dijitali kitupwe mapema. Inategemea aliyekitengeneza anakumbuka waliokinunua au la.

Tuseme pia ukweli wa upande wao. Vipuri vya ndani huacha kutengenezwa, na hakuna kampuni inayoweza kuweka fundi kwa ajili ya kila kifaa milele. Ila sisi tunaonunua kwa pesa za chapati tuna haki ya kuuliza kabla ya kulipa.

Kabla hatujanunua kingine

Kamati ya vyombo itawaletea ombi la mchango baada ya Jubilei. Naomba tuulize haya. Je, kifaa kinaweza kupangwa kwa vitufe vyake chenyewe, bila kompyuta wala simu? Je, kina MIDI? Kumbukumbu yake inashikiliwa na betri, na kama ndiyo, nani hapa kwetu anaweza kuibadilisha? Kinatumia umeme gani? Vifaa vilivyotumika kutoka Japani hutengenezwa kwa volti 100, na ukivichomeka kwenye volti 240 za hapa vitaungua siku hiyo hiyo. Na mtengenezaji aliwafanyia nini walionunua modeli yake ya miaka kumi iliyopita?

Kisanduku cha zamani bado kinafanya kazi, na leo kwenye Misa mtakisikia wakati wa Komunyo. Daftari sasa lina kurasa arobaini na moja. Linakaa kwenye kabati la ofisi ya parokia, na kila mpiga gitaa mpya huandika humo kabla hajaruhusiwa kukanyaga pedali.

Nina ombi moja la mwisho kwa wanakwaya wa zamani mliorudi kusherehekea nasi. Katibu wa wakati ule aliwagawia watu nakala za disketi. Ikiwa una moja nyumbani, hata kama imeingia vumbi, tafadhali ilete. Kompyuta ya kuisomea tunayo sasa. Huenda mlio wa kutoa sadaka umo.