Kashata za Desemba: Sukari na Zawadi za Sikukuu Rungwe

Desemba ni mwezi mbaya wa kutunza kashata Igogwe, wilayani Rungwe. Mvua zimeshika, ukungu hauondoki mapema kwenye miteremko ya Mlima Rungwe, na hewa ina maji kiasi kwamba kashata iliyokatwa asubuhi ikiwa kavu, ikiachwa wazi kwenye sinia, jioni inanata vidoleni. Sehemu nyingi za ukanda huu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na sukari iliyopikwa hunyonya unyevu wowote inaoukuta. Lakini mwezi huohuo ndio watoto husubiri utamu, na ndio wapishi wa nyumbani huinjika sufuria, hukaanga karanga, na kufunga vipande vya kashata katika karatasi ili kila mgeni mdogo asiondoke mikono mitupu.

Ukiichunguza desturi hii utagundua kwamba sukari ndiyo ngeni ndani yake. Kugawana ni kwa zamani zaidi.

Kabla sukari ya dukani haijafika Rungwe, nchi ya Wanyakyusa, utamu ulitoka kwenye mizinga ya nyuki, kwenye ndizi mbivu na kwenye miwa iliyotafunwa njiani. Lakini chakula kizuri hakikuwa mali ya mtu mmoja. Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia walioishi na Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, walikuta utaratibu ambao si rahisi kupata mfano wake kwingineko: vijana wa rika moja walijenga kijiji chao, kando ya kijiji cha wazazi. Wavulana walianza kuhamia huko wakiwa na miaka kumi hivi, lakini chakula waliendelea kukipata kwa mama zao. Nao hawakwenda kila mmoja kwao. Walikwenda kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule, wakala pamoja. Kitabu alichokichapisha Monica Wilson mwaka 1951, Good Company, kimejengwa juu ya jambo hilo: kwamba kula na wenzako ni wajibu, na anayejificha na sahani yake anajitenga na watu. Mama aliyempikia mwanawe alijua anawapikia wenzake wote. Ndiyo maana hadi leo, ukimpa mtoto mmoja pipi mbele ya wanne, watu wazima watakuangalia kwa jicho la kukusahihisha.

Sukari yenyewe ilianzia mbali. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, mabonde ya Mto Pangani yalikuwa yamejaa mashamba ya miwa ya matajiri wa Kiarabu na Waswahili, yakilimwa kwa jasho la watumwa. Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya pwani dhidi ya Wajerumani mwaka 1888 na kunyongwa Pangani Desemba 1889, alikuwa na shamba la miwa huko. Tusiusahau ukweli huo tunapousifu utamu wa pwani. Kutokana na sukari hiyo, na ile iliyoletwa na vyombo kutoka ng'ambo, pwani ilijijengea mapishi yake ya sikukuu: halua yenye asili ya Oman, iliyopikwa kwa wanga, samli na iliki, visheti, kalmati zilizotoswa kwenye shira, na kashata za nazi na za karanga. Siku ya Idi sahani hufunikwa kawa na kupelekwa kwa jirani, na jirani mwenye adabu hairudishi tupu. Watoto hupita nyumba kwa nyumba kupewa mkono wa Idi. Huo ni mfumo kamili wa zawadi, na umekuwepo bila kiwanda cha pipi.

Rungwe ilipokea mkondo mwingine kabisa, kutoka Ujerumani. Mwaka 1891 wamisionari wa Kimoraviani wakiongozwa na Theodor Meyer walifungua kituo chao cha Rungwe, na mwaka huohuo Alexander Merensky wa Misheni ya Berlin akaanzisha kituo cha Wangemannshöhe, upande wa mashariki. Kanisa Katoliki nalo lilipata mizizi katika milima hii. Kwa wengi jina la Igogwe linakwenda pamoja na hospitali yake ya Kikatoliki.

Wamoraviani walikuja na kalenda iliyowatazama watoto. Katika makazi yao ya Marienborn, Ujerumani, kwenye ibada ya watoto ya Krismasi ya mwaka 1747, mchungaji wao Johannes de Watteville aliwapa watoto mishumaa midogo iliyofungwa utepe mwekundu, akiwaeleza juu ya mwanga uliokuja duniani. Desturi hiyo ilisafiri na kanisa hilo hadi makazi yake ya ng'ambo. Tena walikuwa na karamu ya upendo, iliyoanza Herrnhut mwaka 1727, ambapo waumini hukaa pamoja ibadani wakila mkate na kunywa chai au kahawa huku wakiimba. Kwa watu waliozoea kula kwa kundi, karamu kama hiyo haikuhitaji maelezo marefu.

Mwaka huo wa 1747 una jambo jingine. Mjini Berlin, mkemia Andreas Marggraf alitangaza kwamba sukari inayopatikana kwenye mzizi wa kiazi-sukari ni ileile ya muwa. Mwanafunzi wake, Franz Achard, alifungua kiwanda cha kwanza cha sukari ya mzizi huo huko Cunern, Silesia, mwaka 1801. Miongo kadhaa baadaye sukari Ujerumani ilikuwa imeacha kuwa anasa ya wakuu. Imekuwa kitu cha jikoni kwa mkulima na fundi, na Krismasi ya mtoto wa Kijerumani imekuwa na biskuti, lozi zilizovikwa sukari na matunda ya peremende yaliyoning'inizwa mtini. Wamisionari wa 1891 walikulia katika Krismasi hiyo. Baba zao wa kiroho wa 1747 walitoa mshumaa; wao walitoka katika nchi ambako mshumaa ulikuwa umekwisha kupata mwenzake mtamu.

Muungano wa mshumaa na pipi ulikamilishwa kwingine. John Pensom, mfanyakazi wa shirika la watoto la Kanisa la Uingereza, alichukua desturi ya Wamoraviani na kuifanyia ibada ya kwanza ya Kianglikana katika Kanisa Kuu la Lincoln, Desemba 1968. Kila mtoto hushika chungwa, ambalo ni dunia. Utepe mwekundu umelizunguka, ambao ni damu ya Kristo. Mshumaa umesimama juu. Na vijiti vinne vimechomekwa vikiwa na pipi, zabibu kavu au karanga, kuonyesha matunda ya nchi. Ni zawadi ya pipi inayotengenezwa nyumbani kwa vitu ambavyo soko la Tukuyu linavyo vyote. Mwalimu wa shule ya Jumapili anaweza kuitengeneza na watoto thelathini kwa asubuhi moja, na katika milima ambako Umoraviani una zaidi ya miaka 130 ingekuwa kama kumrudisha mtoto kwao.

Turudi kwenye sukari. Baada ya Wajerumani kuhamishia boma lao milimani, mahali walipopaita Neu Langenburg na ambapo sisi tunapaita Tukuyu, maduka ya wafanyabiashara wa Kihindi yalifuata. Humo ndimo sukari nyeupe, sukari guru na iliki vilipimwa kwa kibaba na kufungwa katika karatasi iliyokunjwa pembe. Wafanyabiashara Wahindu walikuwa na sikukuu yao ya Diwali, yenye barfi, peda na jalebi za kuwapelekea jamaa na majirani. Chai, iliyoanza kupandwa Rungwe mwanzoni mwa karne ya 20, ikaifanya sukari kuwa hitaji la kila siku. Kiwanda cha Arusha Chini kilianza kazi miaka ya 1930, cha Kilombero mwaka 1962, na sukari ya nchini ikawa ya kawaida mezani.

Kisha ikaja miaka ya dhiki. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, sukari ilikuwa bidhaa ya foleni na ya mgao. Mwenye kilo moja aliihesabu kwa vijiko, na kashata ya sikukuu ilihitaji mama aweke akiba kidogo kidogo tangu Oktoba. Nadhani kipindi hicho kinastahili heshima kubwa kuliko tunavyokipa. Mtoto aliyepewa kipande kimoja cha kashata Krismasi ya 1982 alipewa kitu kilichomgharimu mama yake chai ya wiki nyingi. Biashara ilipoanza kulegezwa mwaka 1984, pipi za viwandani zikarudi madukani, na polepole mfuko wa pipi kijiti ukachukua nafasi ya sinia. Ni rahisi, haunati, na mgawaji hahitaji kukesha jikoni. Siwalaumu wanaounua. Lakini kuna maarifa yanayokwenda na sinia, na nitaeleza moja, kwa kuwa ni la huku juu hasa.

Kashata ya karanga hutegemea joto la shira. Kwenye usawa wa bahari, sukari inayochemka na maji kidogo huwa tayari kuganda ikawa ngumu na kuvunjika ikifika nyuzijoto 150 hivi. Lakini milimani hewa ni nyepesi, na maji huchemka mapema: kwenye mita 1,500 huchemka karibu na nyuzijoto 95 badala ya 100. Kwa hiyo shira ya Tukuyu hufikia ukavu uleule ikiwa kwenye nyuzijoto 145 hivi. Mpishi anayefuata kipimajoto na kitabu cha pwani ataikausha shira kupita kiasi, nayo kashata itakuwa ngumu mno. Bibi zetu hawakuwa na kipimajoto. Walidondosha tone la shira kwenye kikombe cha maji baridi. Likibaki laini, endelea kuchochea. Likivunjika likitoa mlio, epua, mimina karanga zilizokaangwa na kupepetwa, tia iliki na tangawizi, mwaga kwenye sinia lililopakwa mafuta, sukuma kwa chupa au kifimbo cha chapati, kata upesi kabla haijapoa. Kipimo cha kikombe hakijali mwinuko, kwa sababu kinapima ukavu wenyewe wa shira. Kinafaa Pangani na kinafaa Igogwe.

Dhidi ya unyevu wa Desemba dawa ni debe lenye mfuniko, na kukata mapema kisha kufunga kila kipande peke yake kikiwa kimepoa kabisa. Kufunga kikiwa na moto hufungia mvuke ndani, na kesho yake utakuta uji.

Hata baada ya miaka ya mgao sukari yetu haikutulia. Mwanzoni mwa 2024 mvua za El Niño zilikwamisha uvunaji wa miwa, na kilo moja ikapita shilingi 4,000 katika maeneo mengi. Familia nyingi zilikumbuka tena kuhesabu vijiko. Asali ya Rungwe ipo, karanga zipo, ufuta upo, na kashata ya asali na ufuta hupikwa kwa njia ileile.

Walioweka akiba ya sukari tangu Oktoba katika miaka ya mgao wengi wao sasa ni bibi. Wanajua ni karanga kiasi gani kwa kilo ya sukari, ni moto wa kuni zipi, ni nani aligawiwa kwanza na kwa nini. Msomaji mwenye bibi Igogwe, Tukuyu au Kyela, nenda sikukuu hii na daftari. Muulize, mwandikie vipimo vyake kwa vikombe vyake mwenyewe, na peleka nakala moja kwenye maktaba ya shule au ya kanisa lililo karibu nawe.