Kiyimas
Kiyimas ni lugha ya Kipapua ya wakazi wa kandokando ya Mto Arafundi, mkoa wa Sepik Mashariki, Papua Guinea Mpya. Msemaji wa Kiswahili hatakuwa mgeni kabisa kwenye ngeli zake, ingawa zinapita kumi: wanaume wana yao, wanawake yao, na nomino nyingi zilizobaki hugawanywa kwa sauti ya mwisho. Uzito wote wa sarufi uko kwenye kitenzi. Hubeba viambishi vya mtenda, mtendwa na hata mtendewa, na kutofautisha yaliyopita jana na ya enzi za masimulizi. Ndiyo maana maneno hupangwa kwa uhuru mkubwa. Mwanaisimu William Foley alichapisha sarufi ya lugha hii mwaka 1991. Wasemaji ni wachache. Vijana wamehamia lugha ya Tok Pisin.