Timu zikilingana alama: Hoja za mashabiki mwishoni mwa msimu

Kila msimu wa Ligi Kuu ya Kenya unapokaribia tamati, mabishano ya mashabiki huhama kutoka uwanjani na kuingia katika jedwali. Swali huwa si tena ni nani anayesakata kabumbu safi, bali ni nani atakayetawazwa iwapo timu mbili zitamaliza zikiwa na alama sawa, na kama njia inayotumiwa kuzitenganisha ni ya haki.

Swali hilo lina uzito wa namna yake katika maeneo kama Garsen, Kaunti ya Tana River. Mji huo uko zaidi ya kilomita 200 kutoka Mombasa, na viwanja vya Nairobi ni mbali zaidi. Isitoshe, tangu kalenda ya ligi ilipobadilishwa kuanzia msimu wa 2018/19, tamati yake aghalabu huangukia karibu na Mei au Juni badala ya Novemba. Hicho ni kipindi cha masika na athari zake, ambapo Mto Tana ukifurika hukata barabara, kama ilivyotokea mwaka 2018 na tena 2024.

Kwa hivyo, shabiki wa Garsen hupata habari nyingi za ligi kupitia redio, televisheni na simu. Mechi nyingi huzijua kwa matokeo tu, na ndiyo maana hoja zake hujengwa juu ya jedwali na kanuni zake.

Akitaka timu ya Pwani ya kuegemea, aliyo nayo kwa miaka mingi ni Bandari ya Mombasa, ambayo ilimaliza ya pili nyuma ya Gor Mahia mwaka 2018 na tena katika msimu wa 2018/19. Pwani haijatwaa ubingwa wa Kenya tangu Feisal walipofanya hivyo mwaka 1965.

Hoja za mashabiki katika kipindi hicho ni nyingi, lakini zinaweza kugawanywa katika mafungu machache. Kila fungu lina mfano wake.

Alama za siku ya mwisho

Hoja ya kwanza hudai kwamba timu ilipoteza taji katika siku ya mwisho. Mfano unaotajwa sana ni ule wa mwaka 2012. Gor Mahia, ambao hawakuwa wameonja ubingwa tangu 1995, walihitaji ushindi dhidi ya Thika United katika mechi ya kufunga msimu. Wakatoka sare, na Tusker wakatwaa taji kwa tofauti ya alama moja. Gor Mahia walisubiri hadi 2013 kumaliza kiu hicho cha miaka 18.

Wapo wanaosema Thika United ndio walioamua bingwa. Hata hivyo, jedwali halitambui alama ya Novemba kuwa kubwa kuliko ya Februari. Sare iliyopatikana msimu ulipoanza ina thamani ile ile, ila tu haikumbukwi kwa uchungu ule ule.

Tofauti ya mabao

Hoja ya pili huzuka alama zinapolingana. Mwaka 2022, Tusker na Kakamega Homeboyz walimaliza msimu wakiwa na alama 63 kila mmoja. Tusker walitawazwa kwa tofauti ya mabao, ilhali Homeboyz walikuwa wameongoza jedwali kwa sehemu kubwa ya msimu na walikuwa wakiwania taji lao la kwanza.

Miaka kumi awali, Mei 13, 2012, Manchester City waliwapiku Manchester United kwa njia hiyo hiyo nchini Uingereza, timu zote mbili zikiwa na alama 89.

Wanaoipinga kanuni hii hudai kwamba huwazawadia wanaowafunga wanyonge mabao mengi. Wanaoiunga mkono hujibu kwamba hupima msimu mzima dhidi ya wapinzani wale wale, na humlazimisha kila mchezaji kujituma hata matokeo yanapokuwa yamekwisha kujulikana.

Mechi za wahusika wenyewe

Hoja ya tatu hutaka timu zilizolingana zitenganishwe kwa matokeo ya mechi zilizozikutanisha. Mashabiki wa besiboli nchini Marekani wanaijua vyema. Huko kila timu hucheza mechi 162 katika msimu wa kawaida, na hadi mwaka 2021 timu zilizolingana katika kuwania uongozi wa kundi zilicheza mechi moja ya ziada.

Kuanzia 2022, mechi hiyo ya ziada iliondolewa na matokeo ya ana kwa ana yakachukua nafasi yake. Mwaka huo huo, Atlanta Braves na New York Mets walimaliza na ushindi wa mechi 101 kila mmoja. Braves walipewa uongozi wa kundi kwa kuwa walikuwa wamewashinda Mets mara 10 na kushindwa mara 9.

Mabishano yalikuwa makali, kwani baadhi ya mashabiki waliona mechi moja ya kufa na kupona ingekuwa na haki zaidi. Hata hivyo, kanuni ilikuwa imetangazwa kabla ya msimu kuanza.

Mchujo

Hoja ya nne ni ya wale wanaotaka bingwa apatikane kwa mchujo. Katika besiboli ya Marekani, timu 12 huingia katika hatua hiyo tangu 2022, na kinara wa msimu wa kawaida huweza kuondolewa mapema. Mets na Braves, licha ya ushindi wao 101, hawakufika fainali. Taji lilienda kwa Houston Astros.

Kenya imetumia mchujo upande wa pili wa jedwali, kuamua ni nani atashushwa ngazi na nani atapandishwa. Mwaka 2019, Posta Rangers walijinusuru kwa kuwashinda Nairobi Stima kwa njia hiyo. Kwa taji lenyewe, jedwali la msimu mzima ndilo lililokuwa mwamuzi msimu huo.

Msimu uliokatizwa

Hoja ya tano ndiyo nzito kuliko zote. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulisimamisha ligi kabla ya mechi zote kuchezwa. Mnamo Aprili 30, Shirikisho la Soka la Kenya (FKF) lilitangaza Gor Mahia, waliokuwa kileleni, kuwa mabingwa. Kampuni ya KPL, iliyokuwa ikiendesha ligi, ilipinga uamuzi huo.

Hapa malalamiko ya mashabiki yalikuwa na msingi tofauti. Mwaka 2022, shabiki wa Homeboyz angeweza kuichukia kanuni, lakini hangeweza kusema hakuijua. Mwaka 2020, wakuu wenyewe hawakuafikiana ni nani mwenye mamlaka ya kufunga msimu.

Kipimo cha haki

Kutokana na mifano hii, kipimo cha kuzitathmini hoja hizi ni kimoja: je, kanuni ilijulikana na kukubaliwa kabla ya mpira wa kwanza kupigwa? Ikiwa ndivyo, matokeo yanaweza kuwa machungu bila ya kuwa dhuluma. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini msemo huo huwa na nguvu pale tu ambapo masharti ya ushindani yalikuwa wazi kwa wote.

Wakazi wa Delta ya Tana hawahitaji kufunzwa thamani ya jambo hilo. Agosti na Septemba 2012, mbio za Tusker na Gor Mahia zikiendelea kupamba moto, mapigano kati ya Wapokomo na Waorma yaliangamiza maisha ya zaidi ya watu 100, na serikali ikatangaza amri ya kutotoka nje usiku. Kiini kimojawapo cha mzozo kilikuwa ardhi, malisho na njia za mifugo kuufikia mto, ziitwazo malka.

Soka si suala la uhai na mauti, na hakuna jedwali linaloweza kulinganishwa na msiba huo. Hata hivyo, funzo linafanana: mapatano ya njia ya maji hufaa yafikiwe kabla ya kiangazi, si ng'ombe wakiwa tayari wamesimama ukingoni mwa shamba.

Kwa hivyo, msimu mwingine unapoelekea ukingoni na mabishano yakianza, shabiki hana budi kwanza kuuliza kanuni inasema nini, na iliandikwa lini. Akishalijua hilo, atakuwa na haki ya kulalamika au wajibu wa kumpongeza mpinzani.