Ngozi Juu ya Ngozi

Lugha yetu ina neno moja, ngozi, kwa kifunikacho mwili wa mtu na kwa kile afanyiacho kazi mshona viatu. Lugha nyingine huyatenga mambo hayo mawili. Mwenye kutaka kuyafahamu manukato ya ngozi, yale yachanganyayo viungo, maua na moshi, hana budi kuanzia kwenye neno hili.

Katika karne za 16 na 17, mji wa Grasse, kusini mwa Ufaransa, ulisifika kwa watengenezaji wa ngozi. Ngozi zilitoka kwao na uvundo, na wenye hadhi hawakukubali kuvaa glavu zinukazo. Mafundi wakazitia maua, miski na ambari. Miaka ikapita, biashara ya glavu ikafifia, manukato yakabaki.

Mwaka 1919, Ernest Daltroff wa nyumba ya Caron, mjini Paris, alitoa manukato aliyoyaita Tabac Blond. Hapo mambo yakageuka: uturi uliobuniwa kuficha harufu ya ngozi ukaanza kuiiga, ukakusudiwa wanawake walioanza kuvuta sigara hadharani baada ya Vita Kuu ya Kwanza.

Manukato ya ukoo huu hayatoi siri zake kwa mara moja. Kwanza huja ukali mwepesi wa ndimu na jamaa zake, nao huondoka baada ya dakika chache. Joto la mwili likishaingia, hufunuka ua lenye ukali wa kiungo, likakaa kwa saa kadhaa. Usiku ukiingia, ua hulegea, na hubaki ngozi: harufu kavu, yenye moshi wa lami ya mti wa betula, ambayo Warusi waliitumia kulainishia ngozi zao. Asubuhi nguo bado hunukia.

Ua lile la katikati Waarabu huliita qaranful, na kwa jina hilo hilo huiita karafuu. Nasi neno letu tumelipata huko. Jina halikukosea. Vyote viwili vina eujinoli, kiini cha harufu ya karafuu. Kwa kuwa ua lenyewe hutoa mafuta machache mno, mafundi huliunda kwa eujinoli, na chimbuko lake la zamani ni mafuta ya karafuu.

Wakati ule sehemu kubwa ya karafuu za dunia ilitoka Unguja na Pemba. Kimbunga cha 1872 kiliiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika na kushika uongozi. Lakini mashamba hayo yalipandwa na kuchumwa na watumwa, na sheria ya kuufuta utumwa ilikuja mwaka 1897 tu. Wengi waliopanda miti hiyo hawakuandikwa popote.

Wasifiao manukato hayo hutaja Paris na Grasse. Hawataji jamvi lililoanikiwa karafuu, wala kiwanda cha makonyo cha Wawi, wala mikono iliyobaki na harufu hiyo bila ya kuinunua. Karafuu huchumwa ingali tumba. Ikifunuka, thamani yake imekwenda. Ua linalochanua juu ya ngozi ya mgeni hutokana na tumba ambalo halikuachwa lichanue kwetu. Anayelinusa na alijue hilo.