Minova: kalinzi ya mwami na karatasi ya Serikali

Minova iko kando ya ziwa Kivu, katika groupement ya Buzi, chefferie ya Buhavu, teritware ya Kalehe. Mpaka wa Kivu ya Kaskazini ni karibu; njo maana watu wa Masisi na wa Kalehe wanakutana pale sokoni, na mashua zinapeleka chakula Goma. Mgeni anaona soko na bandari. Mwenyeji anauliza kwanza: butaka hii ni ya nani?

Zamani mwami alilinda butaka kwa ajili ya wote. Mwenye kuhitaji shamba alitoa kalinzi, ng'ombe ao mbuzi, mbele ya washuhuda. Toka siku ile shamba lilikuwa lake na la watoto wake, mradi aheshimu mwami. Karatasi haikuwako, neno la wazee lilitosha.

Wabelgiji, kwa dekreti ya 1910 na ile ya 1933, waliacha bami pahali pao, lakini wakawatia kazi ya Serikali: kukusanya kodi, kutoa watu wa kazi. Comité National du Kivu, iliyoanzishwa 1928, ikawagawia wazungu mashamba makubwa. Kisha sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ikasema butaka yote ni ya Serikali. Haki za wenye mashamba ya desturi zilipaswa kupangwa na ordonnance ya Rais. Miaka makumi ikapita bila hiyo ordonnance. Basi shamba moja likapata wenyewe wawili: mmoja ana kalinzi, mwingine ana karatasi.

Vita vikaongeza uzito. Novemba 2012, Goma ilipoanguka, wakimbizi na askari walijaa Minova. Tarehe 21 Januari 2025 M23 ikaushika mji wenyewe. Wengine wanahama, wengine wanajenga pahali pao.

Sheria ya 2008 inaruhusu mji wa watu 20.000 kufanywa komine kwa dekreti ya Waziri wa Kwanza. Mwami anatoka katika damu. Bourgmestre anatoka katika baraza lililochaguliwa. Lakini mwaka 2023 mabaraza ya komine yalichaguliwa paka katika miji mikubwa ya majimbo. Na hata kodi ya soko ikibadilisha sanduku, mipaka ya mashamba inabaki ndani ya vichwa vya wazee.

Wazee hao wanapungua. Kila jamaa iandike leo: nani alitoa kalinzi, kwa nani, mpaka unapita wapi, washuhuda ni nani. Bila hiyo, mwenye kurudi kutoka ukimbizini atamwonyesha nini mtu aliyejenga katika shamba lake?