Mti Wenye Maua na Mmea Usio na Ua

Sisi tukaao Tunduma, Mbozi na Ileje twaujua mti wa mwamba-ngoma, wenye miiba, utoao maua mekundu kama moto wakati matawi hayana majani. Ndugu yake mmoja hukaa mbali nasi, kusini mwa pwani, naye amepatwa na mambo makubwa.

Katika miaka ya 1930 Mjerumani mmoja, Schlieben, aliuona karibu na Lindi, na wataalamu wakauita Erythrina schliebenii. Baadaye pale palifyekwa, ikapandwa mikorosho, na mwaka 1998 ukaandikwa kuwa umekwisha duniani. Kumbe haukwisha! Mwaka 2001 ulionekana tena katika kipande cha msitu wenye mawe. Lakini mwaka 2008 msitu huo nao ukafyekwa ili ipandwe mimea ya kutoa mafuta ya mitambo. Watu wakaulilia mara ya pili. Mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaukuta wilayani Kilwa, na miti iliyokomaa haikufika 50.

Sasa tazameni kitu kidogo. Ukishuka kijitoni penye kivuli, huenda ukaona juu ya mawe na udongo mbichi mmea wa kijani uliolala chini, mwembamba kama ngozi. Ndio hepatika, jina litokalo katika neno la ini, maana wazee wa Ulaya waliona umefanana nalo. Hauna ua, wala mbegu, wala mzizi wa kweli. Hunywa maji kwa mwili wote. Basi shoka haliugusi, lakini miti iliyoutia kivuli ikianguka, jua huukausha. Aina nyingine hukaa juu ya majani na magome katika misitu ya milimani, na baadhi yake huonekana mahali pachache tu.

Tena si mmea wa bure. Mwaka 1980 Pócs, mtaalamu wa Hungaria, aliandika habari za milima ya Uluguru: katika msitu wa juu, mimea midogo iotayo juu ya miti, hepatika ikiwamo, huweza kushika lita zipatazo 50,000 za maji katika hekta moja mvua inyeshapo. Maji ya Uluguru huingia mto Ruvu, nao hunywesha Dar es Salaam.

Mimi nadhani mti ule ulitafutwa kwa sababu ya wekundu wake. Niliwauliza wanafunzi wangu majina ya mimea hii miwili kwa lugha za kwao. Mwamba-ngoma ulipata majina matatu. Wa pili waliutazama, kisha mmoja akajibu, “Huo ni utelezi tu, mwalimu.”